Furaha na Hatua za Maisha katika Nyumba ya Wamormoni

Wasomaji wetu wakaao Nairobi, Dar es Salaam au Kampala bila shaka wamepata kuwaona vijana waendao wawili wawili, mashati yao meupe, tai shingoni, na kibao kidogo cheusi chenye jina kifuani. Ni wamishenari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wamezoea kuwaita Wamormoni. Wengi wakikutana nao huuliza habari za mafundisho yao; ni wachache waulizao vijana hao wametoka katika nyumba za namna gani, na mama zao waliwaagaje. Siku hizi baadhi yao ni wenyeji wa nchi zetu hizi, lakini desturi wanazozifuata zilikulia mbali, katika mabonde ya Utah, magharibi mwa Marekani. Huko ndiko tutakakomwongoza msomaji.

Kwanza, jina. Mormoni ni jina la kitabu chao, nalo walipewa na majirani waliowacheka, kisha wao wenyewe wakalizoea. Mwaka 1818 halikuwapo, mwaka 1918 lilikuwa midomoni mwa watu wote. Na mwaka 2018 rais wao, Russell M. Nelson, aliwahimiza watu wote waliache na kulitaja kanisa kwa jina lake kamili. Sisi tumeliandika juu ya habari hizi kwa kuwa ndilo lijulikanalo, wala hatukusudii dharau. Kanisa lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York tarehe 6 Aprili 1830. Yeye aliuawa na kundi la watu wenye silaha mwaka 1844 katika gereza la Carthage, Illinois. Ndipo wengi wa wafuasi wake wakamfuata Brigham Young, wakavuka nyika kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakafika bonde la Salt Lake mwezi Julai 1847. Hata leo tarehe 24 Julai ni sikukuu katika Utah, na wajukuu husimuliwa habari za safari ile. Ama ndoa za wake wengi, jambo ambalo huulizwa kwanza, yatosha kusema kwamba zilihubiriwa hadharani tangu mwaka 1852, zikakomeshwa kwa tangazo la mwaka 1890, na leo mwanachama aoaye wake wawili hutolewa katika kanisa.

Ufunguo wa desturi zao za nyumbani ni huu: ukuhani si kazi ya watu wachache waliosomea, bali hupewa kila mwanamume aonekanaye mwaminifu. Hata askofu wao si yule tumjuaye sisi, mwenye jimbo na fimbo. Ni mwalimu, au mkulima, au mwenye duka, awaangaliaye watu wa mitaa michache kwa muda wa miaka kadhaa bila mshahara, kisha akarudi kukaa kitini kama wengine. Wenzetu wanaosali kwa Kiswahili huuita mtaa wake kata, na kata kadhaa pamoja huitwa kigingi, neno litokalo katika mfano wa hema katika kitabu cha Isaya: hema kubwa lataka vigingi vilivyokazwa. Basi kwa kuwa baba ni kuhani, mambo makuu ya maisha ya mtoto hutendwa kwa mikono ya baba yake mwenyewe.

Mtoto azaliwapo, jamaa hungoja Jumapili ya kwanza ya mwezi, ambayo ni siku ya kufunga. Watu huacha kula milo miwili, na thamani ya chakula kile hutolewa kwa maskini. Aghalabu siku hiyo ndipo baba aletapo mtoto mbele ya mkutano. Huitwa babu, wajomba, baba wadogo na marafiki, kila mmoja aliye kuhani. Nao husimama duara, mkono mmoja chini ya mtoto aliyevikwa nguo nyeupe, na mkono wa pili begani mwa jirani. Mtoto hutikiswa polepole ili asilie. Baba hulitaja jina, kisha humwombea baraka kwa maneno yamjiayo wakati ule ule. Kwetu pwani mtoto hunyolewa siku ya saba na mamaye hutoka siku ya arobaini. Huko wembe haupo, lakini lile la kumtia mtoto katika ukoo mbele ya macho ya watu ni moja.

Kuhusu majina yenyewe, watu wa Utah wamejulikana tangu zamani kwa kupenda kuyabuni. Huchukua nusu ya jina la baba wakaiunga na nusu ya jina la mama, ama hutanguliza silabi La mbele ya jina la kawaida, mpaka mgeni asomaye orodha ya wanafunzi hajui ataje vipi.

Mama hayumo katika duara lile. Yeye aliyemchukua mimba miezi tisa hukaa kitini akitazama, kwa sababu wanawake hawapewi ukuhani. Wengi wao husema hawaoni upungufu. Wako pia walionena waziwazi kwamba wanauona, nasi twaona si haki kuwasikiliza wale tu wa kwanza.

Tena pana jambo ambalo msomaji Mwafrika hana budi kulijua. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia, hata mwezi Juni 1978, wanaume wa asili ya Kiafrika hawakupewa ukuhani huo, wala watu weusi, wanaume kwa wanawake, hawakufungishwa ndoa hekaluni. Mtu akilisoma neno hilo katika kitabu cha sheria za kanisa aweza kulipita upesi. Lakini nyumbani maana yake ilikuwa kwamba baba mweusi alikaa kitini pamoja na mkewe, na mwanamume mwingine akampakata mtoto wake na kulitaja jina lake. Siku ya ubatizo mambo yalikuwa yale yale. Katazo hilo liliondolewa wakati wa rais Spencer W. Kimball, na mwaka 2013 kanisa lilichapisha maelezo yaliyozikana zile hoja za kale zilizotumiwa kulitetea.

Watoto wachanga hawabatizwi. Mtoto hungojwa mpaka atimize miaka 8, ambao ndio umri wanaouhesabu kuwa wa kujua jema na baya, na katika nyumba nyingi hakuna siku ya kuzaliwa ingojwayo kwa hamu kama ile ya nane. Katika jengo la ibada mna birika kubwa, limefichwa nyuma ya milango ya kukunja. Baba na mtoto huvaa nyeupe tupu, hushuka majini pamoja, baba humshika kifundo cha mkono, mtoto hujibana pua. Maneno ya kubatiza ni machache, wala hayabadiliki hata moja. Baba akikosea, hurudia. Wako mashahidi wawili watazamao kama mwili wote umezama. Kidole cha mguu kikielea, au ncha ya nywele ikibaki juu, hurudiwa tena, na watoto waliokaa mbele kabisa hucheka. Zamani mashahidi walikuwa wenye ukuhani peke yao. Tangu Oktoba 2019 mwanachama yeyote aliyebatizwa aweza kushuhudia, na hivyo bibi husimama ukingoni mwa birika, au dada mkubwa wa miaka kumi, akiangalia vidole vya miguu ya mdogo wake kwa ukali kuliko mzee yeyote. Baadaye mtoto hukaushwa nywele, huwekewa mikono kichwani ili apokee Roho Mtakatifu, kisha watu wote huenda kula.

Lakini hizi ni siku kuu. Kinachoifunga nyumba ni mambo madogo ya kila juma. Mwaka 1915 wakuu wa kanisa waliwashauri wazazi watenge jioni moja ya kukaa na watoto wao, na mwaka 1970 Jumatatu ikawekwa kwa ajili hiyo kila mahali. Jioni hiyo majengo ya ibada hayana mikutano, ili mtu asipate udhuru. Ukutani jikoni hutundikwa ubao wenye majina ya watu wa nyumbani na kazi zao: nani aombe, nani achague wimbo, nani afundishe, nani alete kitu kitamu. Majina husogezwa kila juma, basi huenda mtoto wa miaka mitatu akawa ndiye mwimbishaji, na baba mwenye kilo mia akamfuata. Somo ni la dakika kumi. Mara nyingi ndugu wawili huanza kugombana katikati yake, na mama husema kwamba sala ya kufunga imefika. Hatudhani kwamba Jumatatu zote ni tamu. Bali waliokua hivyo husahau masomo na kuukumbuka ubao.

Kahawa, chai, tumbaku na pombe havimo nyumbani, kwa kufuata agizo la mwaka 1833 waliitalo Neno la Hekima. Msomaji wa Mombasa atastaajabu mgeni apokewe bila kikombe, lakini hupewa maziwa na mkate wa moto. Mwishoni mwa kiangazi familia nzima humenya mapichi na kuyatia katika chupa za mdomo mpana kwa ajili ya siku za baridi, maana wamefundishwa kuweka akiba ya chakula. Na usiku wa kuamkia kufunguliwa kwa shule, baba wengi humketisha kila mtoto kitini, humwekea mikono kichwani na kumwombea mwaka mpya wa masomo. Mtoto afunguaye macho baada ya sala hiyo hujua kwamba baba amejua anaogopa hesabu.

Hatua zinazofuata twazipita upesi. Mvulana, katika mwaka atimizao miaka 12, huwa shemasi na kuwapitishia watu mkate na maji ya sakramenti.

Ukubwa wenyewe huja kwa barua. Tangu mwaka 2012 kijana wa kiume aweza kwenda umisheni akiwa na miaka 18. Yeye hukaa miaka miwili, na msichana miezi 18, kwa gharama zao na za jamaa zao. Hawachagui nchi. Zamani wito ulikuja kwa posta katika bahasha kubwa nyeupe, na bahasha ile ilikaa mezani haijafunguliwa mpaka babu na shangazi wawasili. Tangu mwaka 2018 hufika kwa intaneti, lakini ukoo hukusanyika vile vile, kila mtu amekwisha kubahatisha nchi, na kijana husoma kwa sauti itetemekayo. Mpaka Februari 2019 aliyekwenda aliweza kusema na wazazi kwa simu mara mbili tu kwa mwaka, siku ya Krismasi na Siku ya Mama. Sasa huruhusiwa kila juma. Wako mama waliotuma wana wakubwa chini ya sheria ya kale na wadogo chini ya mpya, nao ndio wajuao tofauti. Siku ya kurudi, ukoo mzima hujaa uwanja wa ndege wa Salt Lake City na mabango yaliyoandikwa na watoto, hata uwanja mpya uliofunguliwa mwaka 2020 ukatengewa mahali maalumu pa kuwangojea wageni.

Ndoa ndiyo hatua iliyo kuu kupita zote, na hapo ndipo penye uchungu. Wao hawasemi tu kuoana. Wasema kutiwa muhuri, kama hati itiwavyo, maana huamini kwamba mume na mke na watoto wao hufungwa pamoja hata baada ya kufa. Jambo hilo hutendwa hekaluni, bwana na bibi arusi wamepiga magoti mbele ya madhabahu. Wala haingii ila mwanachama mtu mzima aliyehojiwa na viongozi wake, akaonekana amelipa zaka na kushika amri, akapewa cheti. Basi baba asiye wa dini yao, mama aliyeliacha kanisa, kaka aliyeanza kunywa kahawa, na wadogo wa bibi arusi ambao umri wao haujafika, wote hungoja nje bustanini. Watu wa jamaa moja, wenye furaha moja, hutengwa na mlango. Katika Uingereza na nchi nyingine ambako sheria hutaka ndoa ifungwe hadharani, wenye arusi waliweza kufunga ndoa hiyo kwanza mbele ya wote, kisha wakaenda hekaluni. Lakini katika Marekani aliyefanya hivyo alingojeshwa mwaka mzima, na watu wakamdhania vibaya. Tarehe 6 Mei 2019 kungojeshwa huko kuliondolewa. Sasa baba aweza kumtoa binti yake mbele ya watu wote asubuhi, na muhuri ukafuata siku ile ile. Twajua kwamba mlango haukufunguliwa. Lakini kwa mzazi aliyekwisha kukaa bustanini kwa ndoa ya binti wa kwanza, arusi ya binti wa pili haikuwa jambo dogo.

Mzazi afapo, mmoja wa wanawe au jamaa aliye kuhani husimama kaburini na kuliweka wakfu kwa sala, ili mwili upumzike hata ufufuo. Mara nyingi mikono hiyo ni ya yule yule aliyezamishwa birikani na marehemu alipokuwa na miaka minane. Kisha wanawake wa kata, ambao chama chao kilianzishwa Nauvoo mwaka 1842, huwalisha wafiwa wote, na mezani hakikosi chakula kimoja: viazi vilivyookwa pamoja na jibini na malai, vikanyunyiziwa juu chenga za mahindi makavu. Katika Utah huitwa viazi vya mazishi, lakini watoto huviomba hata siku za arusi.