Je, Wajua? KoTDA Si KTDA

KoTDA, kifupisho cha jina la mamlaka inayosimamia ujenzi wa mji wa teknolojia wa Konza, hutamkwa kama neno moja: Kotda. Ile o ndogo imetoka kwenye jina Konza lenyewe, nayo ndiyo inayoupa ulimi silabi ya kuanzia. Iondolewe, hubaki KTDA, shirika la wakulima wa majani chai, ambalo Wakenya hulitaja herufi moja moja: kei-ti-di-ei. Irabu moja imetenganisha kompyuta na chai.

Kinachoamua ni muundo wa silabi. Konsonanti na irabu zikipishana vizuri, kifupisho hugeuka neno, kama KANU, TANU, BAKITA na UKIMWI. Hili la mwisho limezoeleka mno hata wengi hawakumbuki kirefu chake, Upungufu wa Kinga Mwilini.

Konsonanti zikirundikana, hutajwa majina ya herufi, na hapo ndipo penye ajabu kubwa: hata kifupisho cha Kiswahili kitupu husomwa kwa majina ya Kiingereza. Chama Cha Mapinduzi, CCM, ni si-si-em. SGR, reli iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ni es-ji-aa, na r ya mwisho haisikiki.

Kwa vyovyote vitamkwavyo, vifupisho vingi vya aina hii huingia ngeli ya I-ZI: SGR imechelewa, KoTDA imetangaza zabuni.