Mji wa Juba na Miji Iliyoutangulia

Miji mikongwe ya Ulaya aghalabu hukaa pale pale ilipozaliwa. Mji wa Köln katika Ujerumani, ambao Kaisari Claudius aliupa hadhi ya mji wa Kirumi mwaka 50, ungali juu ya ukingo ule ule wa mto Rhine, na kanisa lake kuu, ambalo lilianza kujengwa mwaka 1248 na kwisha mwaka 1880, linasimama katikati ya mawe ya Warumi. Taarikhi ya Juba, makao makuu ya Sudani Kusini, ni ya namna nyingine kabisa; kwani kabla serikali haijatulia mahali hapa ilikwisha kuhama ukingo hata ukingo wa mto Nili, ikiacha magofu na majina nyuma yake, na anayetaka kuifahamu habari hiyo hana budi kuanza na maji yenyewe.

Vyombo vitokavyo upande wa Khartoum huweza kuukwea mto kwa mwendo wa majuma mengi, kupita mabwawa na matete yasiyo na mwisho, mpaka vikafika nchi ya Wabari. Hapo safari hukoma, maana kusini ya kilima cha Rejaf, chenye kilele kilichochongoka mfano wa pia iliyopinduliwa, huanza majabali na maporomoko yasiyopitika hata Nimule, mpakani mwa Uganda. Kwa sababu hiyo kila mgeni aliyekuja kwa chombo alilazimika kushuka hapa, apende asipende. Walitangulia askari na mabaharia wa Muhammad Ali Pasha wa Misri, chini ya Salim Kapudan, mwaka 1841. Wakafuata mapadri waliotumwa kutoka dola ya Austria, wengi wao wakafa kwa homa. Na pamoja nao wafanya biashara ya pembe, ambao baada ya muda mchache waligeuka kuwa wafanya biashara ya watu. Bandari yao iliitwa Gondokoro, nayo ilikuwa ukingo wa mashariki.

Februari 1863 waliingia Gondokoro kwa miguu, kutoka kusini, Waingereza Speke na Grant, ambao walikuwa wameondoka Unguja mwaka 1860, wakampata Samuel Baker akiwangojea. Vitabu vya Wazungu vimelieleza sana kutano hilo. Mimi naona la kukumbukwa zaidi ni kwamba miongoni mwa waliofika siku ile alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, pamoja na wenzake wachache waliostahimili safari kutoka pwani. Na kwa hiyo Kiswahili kilikwisha kusemwa kwenye ukingo ule miaka mingi kabla ya Juba kuwako.

Mwaka 1871 Baker alirudi na jeshi, akaitwaa nchi kwa jina la Khedive wa Misri. Mwaka 1874 Mwingereza Gordon, aliyeshika kazi baada ya Baker, alipoona Gondokoro ina maradhi mengi, aliyahamisha makao ya serikali mpaka Lado, ukingo wa magharibi; na huko, tangu mwaka 1878, wali wa jimbo la Ikweta alikuwa mtu wa ajabu. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer, mzaliwa wa Oppeln na mtoto wa mji wa Neisse, katika Silesia ya Ujerumani ya wakati ule. Lakini yeye alijiita Emin, akavaa tarbushi. Alikuwa tabibu mwembamba mwenye miwani mizito, ambaye baada ya kuamua mashauri ya askari wake aliketi kuwachuna ndege, kuwapima na kuandika habari zao kwa uangalifu mkubwa. Khartoum ilipoanguka mikononi mwa watu wa Mahdi, walioiasi serikali ya Misri, Januari 1885, Emin alikatikiwa na dunia. Askari wakalima pamba na kujifumia nguo zao wenyewe. Msafiri Stanley alikuja kumtoa, wakafika Bagamoyo Desemba 1889, na katika karamu ya kumpokea Emin, kwa uhafifu wa macho yake, alianguka kutoka ghorofani, akapona. Mwaka 1892 aliuawa katika Kongo.

Wengi wa askari wake walibaki nyuma, chini ya Selim Bey. Mwaka 1891 Mwingereza Lugard aliwachukua wakaingia Uganda pamoja na wake, watoto na watumishi wao, na hao ndio asili ya jamaa zetu Wanubi wa Bombo na Kibera. Mkenya anayedhani kwamba habari za Lado hazimhusu na aingie Kibera, awasikilize wazee wakizungumza Kinubi: ni ndugu wa Kiarabu cha Juba, kilichozaliwa katika kambi zile zile.

Wabelgiji waliwashinda watu wa Mahdi pale Rejaf mwaka 1897, Mfalme Leopold akalishika eneo la Lado mpaka kufa kwake, na mwaka 1910 likarudi kwa Sudani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Waingereza, waliokuwa na makao ya jimbo lao huko Mongalla, waliwaamuru Wabari wa Juba wapishe mji mpya. Wabari walihama katika ardhi ya babu zao. Haki yao juu ya ardhi hiyo haijasahauliwa, wala haistahili kusahauliwa. Wagiriki wakaja wakajenga maduka ya mawe. Mtaa wa Buluk, ambao jina lake latokana na kikosi cha askari katika jeshi la Kituruki, mpaka leo ndiko yaliko makao makuu ya polisi.

Yaliyofuata yanajulikana: mkutano wa Juni 1947 juu ya mustakabali wa kusini, mauaji ya raia wa mji Julai 1965, amani ya 1972, vita tena, mapatano ya 2005, uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, na mapigano ya Desemba 2013 yaliyowatoa watu majumbani. Lakini badiliko moja halitajwi sana. Mwaka 2012 barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Nimule ilikamilika, na mji ambao asili yake ni kikomo cha vyombo vya kaskazini sasa walishwa kwa malori ya kusini. Mama muuza chai wa Buluk, aketiye chini ya mwarobaini na viti vyake vya plastiki, hupata sukari iliyopita Uganda, na dereva aliyeileta humwagiza chai kwa Kiswahili.