Habu za Zamani za Baiskeli za BMX na Jinsi ya Kuzisukia Gurudumu

Kila mwenye baiskeli hujua tairi, mnyororo na breki, lakini ni wachache wanaofikiri habari za habu, yaani kile kitovu cha gurudumu ambamo ekseli na gololi hukaa. Habu ndiyo iamuayo spoku ziwe ngapi, ziwe na urefu gani, na zipitane kwa namna gani. Jambo hilo laonekana wazi katika baiskeli ndogo ziitwazo BMX, kwa kuwa habu zake za zamani zilitengenezwa kwa namna nyingi zisizofanana.

Mchezo wa BMX ulianza katika jimbo la California, nchi ya Marekani, karibu na mwaka 1970. Watoto waliopenda mashindano ya pikipiki walichukua baiskeli zao za magurudumu ya inchi 20, wakashindana katika njia za vumbi na kuruka matuta. Sinema iitwayo On Any Sunday, iliyotolewa mwaka 1971, iliwaonyesha watoto wa namna hiyo, na mchezo ukaenea upesi. Mwaka 2008 mbio hizo ziliingizwa katika Michezo ya Olimpiki huko Beijing.

Hapo mwanzo baiskeli nyingi za mchezo huo zilikuwa na habu za breki ya kukanyaga nyuma, kama zile za Bendix. Kisha zikaja habu zenye beringi zilizofunikwa ili vumbi lisiingie, na baadaye habu za matundu 48 kwa wale wachezao michezo ya kuruka na kuzunguka. Siku hizi wako watu wanaozitafuta habu hizo kuukuu ili wazisukie rimu mpya. Kazi hiyo ni njema, lakini yataka uangalifu. Kijana aangukaye na baiskeli yake kutoka juu ya tuta huutwika uzito wake wote juu ya magurudumu mawili, na gurudumu lililosukwa vibaya laweza kumvunja mkono au meno.

Kwa hiyo fundi mwenye busara hanunui spoku kabla ya kuichunguza habu. Kwanza huhesabu matundu yake. Baiskeli kubwa za Kiingereza zilizoenea Afrika Mashariki zilikuwa kwa desturi na spoku 32 mbele na 40 nyuma. Za BMX kwa kawaida huwa na 36 kila upande, mbele na nyuma. Habu ya matundu 48 yataka rimu ya matundu 48, wala hakuna njia ya mkato.

Pili, hupima. Habu ina sahani mbili zenye matundu, na ukubwa wa sahani hizo hubadili urefu wa spoku. Tuchukue mfano wa rimu ambayo kipenyo chake, kikipimwa mahali vinati vya spoku vinapokalia, ni milimita 390. Habu ni ya matundu 36, sahani zake zimeachana kwa milimita 70, na kila spoku hupitana na nyingine tatu. Ikiwa duara la matundu katika sahani lina kipenyo cha milimita 38, spoku itakayofaa ni ya milimita 188 hivi. Ikiwa duara hilo ni la milimita 58, itafaa ya milimita 184. Tofauti ni ndogo, lakini spoku iliyozidi hutokeza ndani ya rimu na kutoboa mpira, na iliyopungua haishiki vizuri katika kinati chake.

Tatu, huzitazama sahani kwa makini katika mwanga. Habu yenye ufa ni ya kuwekwa kabatini kwa ukumbusho, si ya kupandwa. Ikiwa spoku za kwanza zimeacha alama ndani ya chuma, spoku mpya zilazwe katika alama zizo hizo. Zikilazwa kinyume, huchimba mfereo mwingine, na sahani hudhoofika.

Nne, hukumbuka breki. Habu ya breki ya kukanyaga nyuma huvuta spoku kwa nguvu kila mpandaji anaposimama. Spoku zake ni lazima zipitane. Zisinyoshwe moja kwa moja kutoka habu hadi rimu. Tena, ule mkono wa breki utokao ubavuni mwa habu ufungwe imara katika fremu. Usipofungwa, breki haitashika kama ipasavyo, na ekseli yaweza kulegea njiani.

Spoku zote zikiisha kutiwa, hukazwa kidogo kidogo kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, huku gurudumu likizungushwa na kutazamwa kama layumba. Fundi huzigonga kwa kidole na kusikiliza: spoku za upande mmoja zikitoa sauti zinazokaribiana, mvuto wake unakaribiana pia. Kisha huzibana mbili mbili kwa viganja ili zikae mahali pake, na kunyosha tena.

Baada ya siku chache za kupandwa, gurudumu lirudishwe kwa fundi likaguliwe, maana spoku mpya hulegea kidogo zikiisha kubeba uzito. Kazi hiyo ni ya dakika chache tu, nayo huzuia ajali.