FEDHA YA UZEENI: SARAFU AU MKUO?

Lugha yetu ina neno moja, fedha, kwa pesa na kwa madini meupe. Kwa sababu hiyo mtu aweza kudhani kwamba mwenye madini ana pesa tayari. Sivyo. Mkulima wa skimu anayepeleka viazi Nairobi, akipita Gikomba au akimtembelea mwanawe Kaloleni au Bahati, pengine ataonyeshwa shilingi za King George au mkuo unaong'aa, na kuambiwa kwamba hiyo ndiyo akiba ya uzeeni. Kabla hujatoa pesa ya mavuno, fahamu mambo haya.

1. Soma mwaka. Shilingi ya Afrika ya Mashariki iliyopigwa chapa kati ya 1921 na 1946 ina fedha robo tu. Sehemu nyingine ni madini ya thamani ndogo. Zile za kuanzia 1948 hazina fedha hata kidogo; ni shaba na nikeli. Usitegemee sumaku, kwa maana haivuti aina yo yote ya hizo mbili.

2. Fanya hesabu. Shilingi hiyo ya zamani ina uzito wa gramu 7.8 hivi, basi fedha iliyomo haifiki gramu 2. Wakia ya kupimia madini ni gramu 31.1. Kwa hiyo zahitajiwa shilingi 16 kupata wakia moja. Rupia ya Kihindi, iliyotumika hapa kabla ya shilingi, ni bora zaidi: ina gramu 10.7 hivi za fedha. Uliza bei ya wakia siku hiyo, kisha ulipe kwa uzito, si kwa hadithi ya muuzaji.

3. Faida ya kila moja. Mkuo ulio safi, wenye chapa ya 999, yaani sehemu 999 katika 1,000, ni rahisi kuhesabu. Lakini huwezi kuukata kipande ulipe karo. Sarafu waweza kuuza chache chache, na mkusanyaji huenda akalipa zaidi kwa iliyo nzuri. Lakini mnunuzi wa madini atakata gharama ya kuyeyusha.

4. Bei hupanda na kuanguka. Januari 1980 wakia ilikaribia dola 50. Machi mwaka huo huo ikashuka chini ya dola 11. Aliyehitaji kuuza mwezi huo alipata hasara kubwa. Tena fedha haizai. Ng'ombe huzaa, na pesa iliyo katika mpango wa pensheni yaweza kuongezewa faida. Mkuo uliofukiwa hubaki mkuo ule ule.

5. Mahali pa kuweka. Huko Marekani sheria huruhusu fedha katika akaunti ya uzeeni, lakini sarafu za robo kama shilingi yetu hazikubaliwi, na mwenyewe haruhusiwi kuitunza nyumbani. Hapa Kenya, mipango ya pensheni iliyo chini ya Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya 1997 hupokea michango ya pesa, si sarafu za kale. Mwaka 2011 ulianzishwa Mpango wa Mbao kwa watu wa jua kali, na mtu aliweza kuanza kwa shilingi 20 kwa siku. Hiyo ndiyo "mbao" ya vijana wa mjini.

Kuficha noti pia si dawa. Noti za zamani za shilingi 1,000 zilikwisha kazi tarehe 30 Septemba 2019, na aliyechelewa alibaki na karatasi. Shilingi ya mfalme nayo haipokewi dukani tena, ila madini yake yamebaki.

Basi, ukirithi sarafu za baba yako, zipange kwa miaka, zipime, na usiziuze kwa haraka. Lakini pesa mpya ya mavuno, iweke kwanza katika mpango uliosajiliwa na Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, na udai risiti kila mara. Fedha ya madini iwe nyongeza, wala isiwe tegemeo la siku ambayo jembe litakuwa zito mkononi. Haba na haba hujaza kibaba.