Machozi ya Hadithi na Mambo Yanayozuliwa juu Yake

Barua zilizonifikia majuma haya, nyingi zikiwa za akina mama na chache za vijana wa kiume walioandika kwa haya, zina swali moja katika sura mbalimbali: kwa nini mtu mzima, mwenye akili timamu, ajuaye kwa yakini kwamba watu anaosoma habari zao hawakupata kuwako duniani, hulengwalengwa na machozi afikapo mahali ambapo mama anamtambua mwanawe aliyepotea, au ndugu wawili waliotenganishwa na vita wanakutana bandarini, au mjukuu anaoneshwa kaburi la babu ambaye hakuwahi kulijua jina lake? Lau barua hizo zingaliishia hapo ningalijibu kwa furaha na kwa ufupi. Lakini takriban kila moja imebeba na jawabu ambalo mwandishi wake amekwisha kupewa na mtu. Mmoja ameambiwa kwamba machozi ni sumu ya mwilini inayotafuta njia ya kutokea. Mwingine ameambiwa kwamba malaika zikimsimama mikononi wakati wa kusoma, basi jini amepita karibu naye. Wa tatu, kijana wa miaka ishirini na mitatu, ameambiwa kwamba mwanamume anayelizwa na hadithi nyota yake imechafuliwa, na ametakiwa fedha ili aogeshwe dawa. Majawabu hayo ndiyo yaliyonikosesha utulivu.

Nianze na nililoliona kwa macho yangu. Bibi yangu mzaa mama hakujua kusoma, na kila siku baada ya sala ya alasiri aliketi barazani juu ya mkeka akichagua mchele, nasi wajukuu tukimsomea kwa zamu hadithi iliyokuwa ikitoka kwa mfululizo gazetini. Hadithi ilipofika penye kifo hakutikisika. Alisema “Inna lillahi” na mkono ukaendelea na kazi yake. Lakini siku ambayo mama wa hadithi aliliona kovu katika paji la uso la baharia aliyebisha hodi kuomba maji, akajua kuwa ndiye mwanawe, mkono wa bibi ulisimama juu ya ungo, kidevu chake kikatetemeka, na ncha ya kanga ikapanda usoni, nayo haikuenda machoni bali puani. Machozi yalionekana baadaye. Nilikuwa mtoto, na mambo mawili yalinishangaza, ambayo hata leo yangali yakinishughulisha: kwamba hakulia penye msiba akalia penye furaha, na kwamba kilio chake kilianzia puani.

La pua ndilo jepesi kulieleza, tena ni zuri mno kulipita haraka. Machozi ni ya namna tatu. Yapo yanayolainisha jicho mchana kutwa bila sisi kuyahisi, na yapo yanayolikinga na moshi, vumbi na kitunguu. Ya tatu, ya hisia, hayana asili yake jichoni hata kidogo. Huanzia ndani ya ubongo, katika sehemu zinazohusika na hisia na kumbukumbu, kisha amri hushuka hadi kwenye shina la ubongo unakotoka mshipa wa saba wa fahamu, ambao ndio huohuo uendeshao misuli ya uso. Na uzi mmoja wa mshipa huo, baada ya kupita katika njia nyembamba ndani ya mfupa, hufika kwenye kifundo kidogo kilicho nyuma ya pua, hapo ukapokewa na uzi mwingine ambao husafiri mpaka kwenye tezi iliyolala juu ya jicho, upande wa nje, na kumimina kemikali iitwayo asetilikolini, na tezi ikaachia maji. Kutoka kifundo hichohicho nyuzi nyingine huelekea kwenye tezi za pua, nazo huamriwa wakati uleule. Kidevu kilichotetemeka, basi, na pua iliyolowa, na jicho lililojaa, vyote vilikuwa vikipokea habari kwa mshipa mmoja.

Na bado haijaisha. Simama mbele ya kioo, uvute kidogo kope ya chini, utaona katika kona ya ndani tundu mfano wa tobo la sindano. Kope ya juu nayo ina la kwake. Humo ndimo yanamoingia machozi, yakateremka kwa mfereji hadi puani na kooni, tukayameza. Chozi halidondoki shavuni ila mfereji huo umezidiwa. Kwa hiyo anayejizuia asilie mbele za watu hutangulia kuvuta kamasi, na kanga ya bibi ilijua njia yake.

Msomaji aliyelitazama tundu hilo ana kipimo cha kuipimia dhana ya sumu. Dhana hiyo ina mzazi anayejulikana: William Frey, mtaalamu wa kemikali za mwili katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, aliyekusanya machozi ya watu waliotazama filamu za huzuni na machozi yaliyotolewa kwa kitunguu, akaona kwamba ya huzuni yalikuwa na protini nyingi zaidi, na katika kitabu chake cha mwaka 1985 akatoa rai kwamba huenda kulia ni njia ya mwili kujitakasa. Ilikuwa rai ya mtu mwaminifu, aliyeitoa ili ichunguzwe. Lakini miaka imepita na ithibati haikupatikana. Kazi ya kuondoa sumu mwilini ni ya ini na figo, usiku na mchana, ilhali machozi ya kilio kirefu hayajazi hata kikombe kidogo cha kahawa, na sehemu yake hurudi kooni. Mwili gani utoao sumu kisha ukainywa? Wapo wanaouza chupa eti za kusafisha machozi; hao wameichukua rai ya mtu aliyekuwa akitafuta, wakaifanya bidhaa, na fedha wanazozipokea ni fedha za watu waliofikwa na majonzi. Sioni neno la upole kwa kazi hiyo.

Basi machozi ya hisia ni ya nini? Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyodhihirisha hisia, aliona kuwa hayana kusudi lolote. Hata hivyo alikuwa mtazamaji hodari, na ameandika jinsi mkono wa koti lake ulivyogusa kwa bahati mbaya jicho la mwanawe mchanga mwenye siku 77: jicho lililoguswa likatoa machozi tele, na lile la pili likabaki kavu au lilipata unyevu kidogo tu, ijapokuwa mtoto alikuwa akipiga mayowe. Wazazi wetu wanalijua jambo hilo pasipo kitabu, kwamba kilio cha mtoto wa siku chache ni sauti bila chozi. Maana ya chozi imekuja kufahamika kwa kuwatazama wanaoliona, si wanaolitoa. Mwaka 2009 Robert Provine, mtafiti wa Marekani, alichukua picha za nyuso zinazolia akayafuta machozi kwa kompyuta, akawaonesha watu. Nyuso zilezile, mikunjo ileile, zilionekana kuwa na huzuni pungufu sana, na nyingine watazamaji walishindwa kujua zina nini. Chozi ni ishara ya kimya, isiyosikika na adui aliye mbali, inayomwambia aliye karibu: sogea.

Sasa tuirudie hadithi. Mwaka 2019 ilichapishwa kazi ya watafiti wengi waliofanya uchunguzi katika nchi 19 na kwa lugha 15, wakiwaonesha watu vipande vya filamu vya kugusa moyo, na kila mahali dalili zilikaribiana: macho kulowa, malaika kusimama, joto kifuani. Alan Fiske na wenzake, ambao ndio asili ya nadharia iliyoongoza uchunguzi huo, wanasema kwamba linaloleta dalili hizo si huzuni wala furaha kwa nafsi yake, ila ni ukaribu unaozidi kwa ghafla kati ya watu, hasa pale ambapo masafa, mauti au uadui ulikuwa umeutenga. Ndilo lililomfika bibi yangu, maana kifo alikuwa amekizoea, na kovu lilimrudishia mtoto mama asiyekuwa na tamaa tena.

Na malaika, yaani zile nywele laini za mwilini, kila moja ina msuli wake mdogo shinani, unaovutwa na mishipa ya fahamu ileile inayoushtua mwili kwa baridi au hofu. Paka humsimama manyoya kwa sababu hiyohiyo. Wataalamu wa Ujerumani walifunga kamera ndogo juu ya ngozi za watu wakisikilizishwa mashairi, na katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 ilidhihirika kwamba msisimko ulizidi kutokea mwishoni mwa mishororo, mwishoni mwa beti, na mwishoni mwa shairi zima. Wapenzi wa mashairi yetu, wanaojua mshairi anavyokitunzia kituo nguvu zake, hawatashangaa. Jini hakutajwa na kamera.

Hadithi za asili zina nguvu hiyohiyo, tena kwetu wa pwani zina jeraha ndani yake. Mwezi wa Machi mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani yetu na mmoja wa bara, wengi wao wakiwa wa kati ya takriban mwaka 1250 na 1800. Ilionekana kwamba tangu karibu na mwaka 1000 damu za Afrika na Asia zilianza kuchanganyika, na kwamba wazee wa Kiasia walikuwa kwa wingi wanaume wa Uajemi, na wazee wa Kiafrika kwa wingi wanawake. Nilimsomea habari hiyo mzee mmoja mkavu wa tabia, aliyelelewa kwa masimulizi ya Washirazi, yasemayo kwamba wazee wetu walitoka Uajemi, na kuyasikia yakibezwa maisha yake yote. Alinyamaza, akasema, “Basi hawakutudanganya,” akageuza uso wake upande wa bahari. Sikumwona akilia, lakini alivuta pua. Waliokufa miaka mia saba iliyopita walikuwa wamemsogelea. Ninachowaomba wanaojifakhari kwa nusu ya habari hiyo ni waisome na nusu ya pili: watu wengi katika waliochunguzwa walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao kwa mama zao wa Kiafrika.

Swali lililosalia ni kama kulia kunaponya. Watafiti wa Uholanzi na wenzao waliwatazamisha watu 60 filamu za simanzi, wakalia 28. Papo hapo waliolia walikuwa na hali mbaya kuliko mwanzo, baada ya dakika 20 wakarejea walipokuwa, na baada ya dakika 90 walijiona bora kuliko kabla ya filamu. Ni habari njema, ila si dawa kwa wote: katika uchunguzi mwingine wa wanawake 97 walioandika kila walipolia, jumla mara 1,004, mara nyingi kilio hakikubadili kitu. Anayeliwazwa hupata nafuu kuliko anayeaibishwa.

Nasaha ni fupi. Machozi yanayokuja na hadithi na kwenda nayo si ugonjwa, kwa mwanamke wala mwanamume. Machozi yanayokuja bila sababu majuma mawili mfululizo, na usingizi umepotea na chakula hakina ladha, yaweza kuwa sonona, nayo ina matibabu. Kilio au kicheko kisichozuilika baada ya kiharusi kina tiba pia. Mtoto mchanga ambaye jicho lake moja halikauki aonwe na daktari, wala asitiwe kitu jichoni.

Nawe kijana wa miaka ishirini na mitatu uliyetakiwa fedha ya kuogeshwa dawa: usilipe. Kama umekwisha kulipa, usiongeze. Kimalizie kitabu chako.