Je, Wajua? London Nayo Ina Visiwa

Mswahili akitaka kuzunguka visiwani, huwaza Lamu, Pemba au Mafia. Ni wachache wanaokumbuka London, ingawa mto Thames unapopita humo umezunguka visiwa kadhaa.

Kisiwa cha Eel Pie, huko Twickenham, kina wakazi na karakana za boti. Hadi daraja la waenda kwa miguu lilipojengwa mwaka 1957, kukifikia kulihitaji chombo. Bendi ya Rolling Stones ilipiga muziki katika hoteli ya kisiwa hicho miaka ya 1960. Hoteli iliungua mwaka 1971.

Ufukwe nao ulikuwepo, tena wa kutengenezwa! Mwaka 1934 mchanga ulimwagwa kando ya Mnara wa London, shehena 1,500 za matishari, ili watoto wa maskini wapate pa kuchezea. Ulifungwa mwaka 1971 kwa sababu ya uchafu wa maji.

Wapenda kutembea wana njia ya Thames, takriban kilomita 294, iliyozinduliwa mwaka 1996. Waliochoka hupanda boti za abiria na kulipa kwa kadi ileile ya basi.

Kisiwa cha Chiswick Eyot hufikika kwa miguu maji yakipwa. Tazama kwanza ratiba ya maji: wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa katikati ya jiji hufikia takriban mita 7.