Matangi ya Umeme Hayajafika Sebuleni
Betri ya mtiririko huweka umeme ndani ya kimiminika: pampu husukuma myeyusho kutoka matangi mawili hadi kwenye seli, kisha hurudi ukiwa umechajiwa au umetumika. Aina ya vanadiamu, iliyobuniwa Australia miaka ya 1980 na Maria Skyllas-Kazacos na wenzake, ina myeyusho wa maji usioshika moto na unaoweza kudumu miaka 20. Sifa tamu, lakini nyumbani betri ya litiamu bado ndiyo chaguo la busara. Mtiririko hula nafasi, tena hurudisha takriban asilimia 70 tu ya umeme ulioingia. Litiamu hurudisha zaidi ya 90. Kwa mwenye paneli chache za sola, pengo hilo ni taa za jioni nzima.

Je, moto? Hofu hiyo ina msingi, ila litiamu ya chuma na fosfeti, inayotumika sana majumbani, hustahimili joto kuliko ile ya kobalti. Na pampu za mtiririko nazo huharibika. Fundi wa kuzitengeneza utampata wapi? Kampuni ya Redflow ya Australia ilitoa betri ya mtiririko ya nyumbani, ya zinki na bromini, mwaka 2016, na mwaka 2024 ikafilisika. Penye eneo kubwa hesabu hugeuka: huko Dalian, China, mtambo wa vanadiamu wa megawati-saa 400 uliunganishwa na gridi mwaka 2022, na kuurefushia saa za akiba ni kuongeza matangi na myeyusho tu.